Hukumu ya Gari Iliyotumika Inapogundulika Kasoro Baada ya Kununuliwa

SWALI:

Sheikh wetu, mimi ni mkaazi wa Wete. Nilinunua gari aina ya Toyota Noah kwa ndugu mmoja wa mjini Unguja anayeagiza gari Japani na kuziuza. Bei ilikuwa shilingi milioni 14, na sehemu yake ilitokana na dhahabu za mke wangu. Niliivusha kwa meli hadi Mkoani nikaifanyia kazi ya abiria. Baada ya siku kama 40 taa zikawa zinazima zenyewe na giaboksi inagoma. Fundi alipofunua zulia alikuta matope makavu na waya zilizoliwa na kutu, akasema gari hii imewahi kuzama majini. Niliendelea kuitumia wiki mbili kwa sababu ya ada za watoto, kisha nikampigia muuzaji. Anasema aliniuzia "kama ilivyo" na nilitazama mwenyewe. Je, naweza kuirudisha? Pesa za abiria nilizopata ni zake? Na kuna jamaa wa Tanga anaitaka, hajui kitu. Naweza kumuuzia ili mke wangu apate haki yake?

JIBU:

Kila shukrani anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake.

Maswali ya namna hii yanatufikia mara kwa mara, kutoka Unguja na Pemba, kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu kidogo ili na wengine wafaidike. Muulizaji atuwie radhi, kwani sehemu ya jibu haitampendeza.

Asili ya jambo hili ni kuwa Muislamu haruhusiwi kumuuzia mwenzake kitu chenye aibu (kasoro) anayoijua bila ya kumbainishia. Imepokewa maana hiyo kwa Uqba bin Aamir (R.A.) kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Na inajulikana kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tuangalie vizuri: mvua ile haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lilikuwa ni kule kuuweka unyevu chini na ukavu juu. Gari iliyozama ikaoshwa, ikatiwa zulia jipya na manukato, haina tofauti na rundo lile.

Kutokana na asili hiyo ndipo mafakihi wakathibitisha khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kuchagua baina ya kubaki na kitu au kukirudisha na kuchukua pesa zake zote, pindi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa.

Lakini si kila ubovu ni aibu. Imam Nawawi katika Minhaj ameweka kipimo kizuri: aibu ni kile kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake kwa kiasi cha kukosekana lengo lililo sahihi, ikiwa kwa kawaida jinsi ile ya bidhaa huwa haina upungufu huo. Anayenunua gari ya miaka 15 akakuta shokapu zimechoka, mipira imekauka na rangi imepauka, hana haki ya kulalamika, kwa sababu gari za umri huo ndivyo zilivyo na bei yake imezingatia hayo. Ama gari iliyozama, au iliyopata ajali chesisi ikaungwa, au iliyorudishwa nyuma mita ya kilomita, au yenye deni la ushuru ambalo halikuelezwa, hizo ni aibu bila ya shaka. Gari nyingi za Japani hupita mnadani na huwa na karatasi ya ukaguzi yenye alama ya daraja, na gari iliyotengenezwa baada ya ajali mara nyingi huandikwa herufi R. Muuzaji aliyeiona karatasi hiyo kisha akaificha hawezi kusema hakujua.

Sasa tuje kwenye neno "kama ilivyo". Neno hili limekuwa ngao ya kila dalali. Mafakihi wanaliita kuuza kwa sharti la kujivua na aibu, nao wametofautiana. Mahanafi wanalikubali sharti hilo. Kwa Mashafi, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu visiwani, kauli yenye nguvu ni kuwa muuzaji anavuliwa na aibu ya ndani ya mnyama tu, tena ile asiyoijua, kwa sababu mnyama hula na kubadilika na maradhi yake hujificha. Vitu visivyokuwa wanyama havimo, na gari si mnyama. Msingi wa mtazamo huu ni kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik: Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti hilo, mnunuzi akagundua maradhi, wakafika mbele ya Khalifa Uthman (R.A.). Uthman alimtaka Ibn Umar aape kuwa alipouza hakuyajua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrejesha mtumwa wake. Baadaye alipona, akamuuza kwa dirham 1,500. Mtu wa daraja ya Ibn Umar aliona bora arudishe pesa kuliko kuapa. Tunawaomba wauzaji wetu wa gari wajiulize kama wao wangeapa.

Ama hoja ya kuwa "ulitazama mwenyewe", kutazama kunaondosha haki kwa kile kinachoonekana kwa kutazama, kama mkwaruzo au kioo kilichopasuka. Matope chini ya zulia hayaonekani kwa kuzunguka gari mara mbili.

Hadi hapa muulizaji yuko upande wa haki. Ugumu unaanza kwenye zile wiki mbili.

Kwa Mashafi, kurudisha kwa aibu ni jambo la papo hapo. Mtu akishajua, anatakiwa aanze kurudisha kwa kadiri ya ada. Akijua yuko ndani ya Sala au anakula, amalize. Akijua usiku, asubiri asubuhi. Muuzaji akiwa mbali, mnunuzi aweke mashahidi kuwa ameuvunja uuzaji, kisha afuatilie. Kwa zama zetu, simu na ujumbe wa maandishi mbele ya watu wawili waaminifu vinatosha kuonesha hakukaa kimya. Hakuna haja ya kungoja meli ya Jumatatu. Pia ni sharti aache kukitumia kitu. Wanavyuoni walikaza hata kwa mtu aliyeacha tandiko juu ya mgongo wa mnyama baada ya kujua aibu, wakahesabu kuwa ni kunufaika naye. Walichosamehe ni kumpanda mnyama mkaidi asiyekubali kuburutwa, kwa ajili ya kumrudisha. Kwa hiyo kuiendesha gari kutoka Wete hadi bandarini Mkoani kwa ajili ya kuirudisha hakudhuru. Kubebea abiria kunadhuru.

Asiyejua kuwa kurudisha ni jambo la haraka ana udhuru, na watu wengi hawajui. Lakini muulizaji hakuchelewa tu, bali alifanyia kazi gari kwa manufaa yake huku akijua. Hatuwezi kumdanganya: kwa mujibu wa madhehebu, haki yake ya kumlazimisha muuzaji aipokee gari imeanguka, na pamoja nayo fidia. Tunajua ada za watoto hazisubiri. Hata hivyo hukumu ndiyo hiyo, na tumeiandika kwa uwazi ili mwenye kuisoma leo, ambaye fundi wake hajafunua zulia bado, asije akaingia humo.

Mlango mmoja umebaki. Ibn Qudama katika al-Mughni, kwa upande wa Mahanbali, anasema kuwa aliyetumia baada ya kujua hupoteza haki ya kurudisha kwa kauli ya wengi wa wanavyuoni, lakini kipimo cha madhehebu yao ni kuwa fidia anaistahiki. Msuluhishi akiichukua kauli hii baina ya ndugu wawili hatutamlaumu, hasa muuzaji akiwa alijua na akaficha.

Fidia hiyo huitwa arshi, na watu huikosea hesabu. Haihesabiwi kwa gharama za fundi. Mafundi wawili waadilifu wanaulizwa: gari kama hii ikiwa salama ingekuwa thamani gani, na ikiwa na aibu hii ni thamani gani? Tuseme wamesema milioni 16 na milioni 12. Upungufu ni robo. Basi anarudishiwa robo ya bei aliyolipa, yaani milioni tatu na nusu katika milioni 14, na wala si milioni nne.

Wengine wanatuuliza: fundi ameshafungua injini ili kuitafuta kasoro, je hilo si kuiharibu gari mkononi mwa mnunuzi? Fukahaa wamelijibu hili kwa mfano ambao sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa. Walisema anayenunua nazi akaivunja akaikuta mbovu anairudisha, wala halipi kitu kwa kuivunja, kwa sababu ubovu wake haujulikani ila kwa kuvunjwa. Fundi akifungua kwa kiasi kinachohitajika tu, hukumu ni hiyo hiyo. Ama mnunuzi akiigonga, au akibadilisha giaboksi kwa ya mtumba, hapo imeingia aibu mpya, na hawezi kumlazimisha muuzaji aipokee. Watarudi kwenye fidia.

Wakibishana kuhusu lini kasoro imeingia, na inawezekana kuwa imeingia mkononi mwa mnunuzi, anayesadikiwa ni muuzaji pamoja na kiapo chake. Katika kadhia hii kutu na matope makavu vinazungumza vyenyewe, madhali hakuna aliyeiona gari hii ikizama Pemba.

Pesa za abiria za siku 40 za mwanzo ni halali yake, hata lau angeirudisha gari. Mtume (S.A.W.) aliamua kuwa pato linakwenda pamoja na dhamana: kwa kuwa gari ingeungua au kuibiwa hasara ingekuwa yake, basi na faida ni yake. Za wiki mbili za mwisho pia ni zake, kwa sababu gari imebaki katika milki yake.

Hapa kuna jambo linalosahauliwa sana. Si kila anayekuletea gari ni muuzaji. Akisema, "Nipe pesa nikuagizie, ujira wangu ni laki kadhaa," huyo ni wakala. Gari ni yako tangu huko Japani, na yeye hadhamini kasoro ila akizembea au akikiuka ulichomwambia. Madai yako yako kwa kampuni iliyouza, kwa kuwa bidhaa imekwenda kinyume na sifa zilizoandikwa. Akinunua kwa pesa yake, gari ikafika bandari ya Malindi, kisha akakuuzia, huyo ni muuzaji na anabeba kila tulichokitaja. Tumeshuhudia ndugu wa damu wakihasimiana miaka kwa sababu siku ya kupeana pesa hakuna aliyetamka ni lipi kati ya mawili. Andikeni, hata kwa karatasi ya daftari la mtoto.

Muulizaji huyu alinunua kwa muuzaji. Tunamshauri aende na wazee wawili na taarifa ya fundi iliyoandikwa, amuulize mwenzake swali moja tu: ulijua? Kama alijua, amemlia mwenzake mali kwa hadaa, na toba yake haitimii bila ya kurejesha haki, hata kama wiki zile mbili zimemwokoa mbele ya hakimu. Kama hakujua, bado kuna fadhila kubwa katika kumkubalia mwenzako aliyejutia ununuzi, na Mtume (S.A.W.) ameahidi kuwa mwenye kufanya hivyo Allah atamsamehe kuteleza kwake. Wakishindwana, Mahakama ya Kadhi kwetu inashughulikia ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wake. Kesi ya gari itakwenda mahakama za kawaida, na malalamiko ya mnunuzi yanaweza pia kupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Kuhusu dhahabu za mke: kama alimkopesha mumewe, hilo ni deni juu ya mume, gari ipone au isipone. Haifai kumwambia kuwa dhahabu yake imezama pamoja na gari. Kama alitoa kwa kushirikiana, basi ana hisa katika gari na katika pato la siku zile, na sijui kama hesabu hiyo imeshafanywa nyumbani.

Linabaki la jamaa wa Tanga. Hapana, haijuzu kumuuzia bila ya kumwambia. Kudhulumiwa na mtu wa mjini hakukupi haki juu ya mtu wa Tanga. Unaweza kumuuzia kwa kumwambia wazi kuwa gari imezama, fundi amesema hivi, giaboksi iko hivi, na bei mkaiangalia upya. Akiridhia, uuzaji ni sahihi na pesa ni halali.

Na fundi aliyeona matope naye anaingia katika jambo hili. Swahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.) alimuona mtu ameuziwa ngamia mwenye kasoro kwenye kwato, akamfuata mnunuzi akamjulisha. Muuzaji alipolalamika kuwa ameharibiwa biashara, Wathila alimueleza kuwa amesikia kwa Mtume (S.A.W.) kwamba anayejua kasoro haifai kwake kuinyamazia. Basi fundi akiulizwa na jamaa wa Tanga amwambie alichokiona, na hiyo si kusengenya.

Wallahu aalam.