Kimondo, Koma na Mkia wa Nuru

Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, limelala pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi. Wenyeji walilijua zamani. Wataalamu wa kigeni walipata habari zake mwaka 1930. Sote twaliita kimondo. Jina hilo hilo twaupa mwanga upitao angani usiku, na wengine huipa hata nyota yenye mkia. Mzigo huo neno limeuchukua bila kulalamika.

Taabu imeanza kwenye darubini ya kioo. Kioo chenye umbo la parabola hukusanya vyema nuru ya nyota ya katikati, bali nyota za pembeni hutokea pichani zimeota mikia inayoelekea nje. Wazungu waliipa kasoro hiyo jina la Kiyunani lenye maana ya nywele. Mwaka 1935 Frank Ross alichapisha mpango wa lenzi za kuirekebisha. Leo apigaye picha za nyota za mbali huweka lenzi ya jinsi hiyo mbele ya kamera.

Je, tuseme “koma”? Kwetu koma ni kuacha, tena ni mzimu. Na ukiitangulizia “u” umetaja maradhi. “Kimondo” nacho hakifai: mwalimu wa Mbozi atawaelezaje wanafunzi kwamba picha imeharibiwa na kimondo, hali wamekwisha kukigusa kwa mikono yao? Twapendekeza “mkia wa nuru”, na kifaa chake “lenzi ya kuondoa mkia”. “Kiondoamkia” tulikifikiria, tukakiachia wachinjaji.