Bonane ya Kamituga: kutoka kalenda ya kampuni mpaka mchango wetu

Kila tarehe 1 Januari mimi na marafiki wangu watano tunapanda piki, tunaenda kando ya mto Elila, tunachoma mbuzi, tunarudi jua likizama. Wengi wanaona ni starehe ya vijana tu. Mimi nilisoma istoria, naona hiyo siku iko na mizizi.

Kamituga ilikuzwa na dhahabu. MGL, kampuni ya Wabeleji, iliundwa mwaka 1923. Mu 1976 iliunganishwa na zingine, ikazaliwa SOMINKI. Mfanyakazi hakujichagulia siku ya kupumzika. Mshahara, nyumba ya kambi, konji, vyote vilitoka ku biro. Na serikali nayo ilishika kalenda: mwaka 1974 Mobutu aliondoa Noeli kwenye siku za mapumziko, tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama zingine. (Kama hamuamini, muulize babu zenu.)

Mu 1982 raia waliruhusiwa kuchimba. Miaka ya 90 SOMINKI ikafa, na konji ikafa nayo. Leo mchimbaji anaingia shimoni akiwa na deni la PDG wake, mama twangeze anatwanga mawe toka asubuhi. Usipofanya kazi, hauli. Kwa hiyo sikukuu ni kitu cha kujinunulia, na bei yake si mbuzi tu: ni siku nzima bila kipato.

Ndiyo maana sisi tunachanga kila mwezi, kidogo kidogo. Kati yetu wawili wanachimba, na kuna miezi shimo halitoi kitu. Hapo wengine tunawajazia.

Septemba 2020 maji ya mvua yalifurika mashimo hapa Kamituga. Habari za wakati ule zilitaja wafu 50. Tulibishana sana: twende ao tusiende? Tukatoa nusu ya mchango kwa matanga, na bonane tukaenda bila muziki. Watu walitusema. Mimi bado naona tulifanya vizuri, maana wale wachimbaji wetu wawili ndio walihitaji zaidi kukaa na wenzao.

Sasa, tangu Bukavu ianguke mu Februari 2025, wawili kati yetu wako kule na njia haiaminiki. Mchango wao wanautuma kwa simu. Mwenye anaweka pesa hajafuta majina yao mu daftari, na mbuzi tunaihesabu ya watu sita.