Watoto, Njaa na Jembe: Habari za Bongwe na Pwani ya Kusini



Hesabu za fedha mmekwisha kuzisoma katika kurasa zilizotangulia. Sasa twaomba ruhusa tusimulie mambo ya zamani kidogo, kwa sababu yanahusiana na ombi la vijana wetu ambalo litaletwa mbele ya mkutano.

Wazee wa nchi hii walizipa njaa majina, nazo zikawa kalenda yao. Katika nchi yote ya Wamijikenda, iliyo maarufu ni Njaa ya Magunia ya 1898 hadi 1900. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupunguzwa na sotoka katika miaka ya 1890, mvua zikakosekana, na ndui ikafuata nyuma ya njaa. Chakula cha msaada kililetwa kwa magunia, ndipo likapatikana jina lile. Lakini iliyotangulia, yaani Mwakisenge ya 1884 hivi, ndiyo iliyowaelemea watoto zaidi. Kwetu Udigoni mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Ghala ilipokauka, mjomba aliweza kumweka mpwawe rehani kwa watu wenye nafaka, mtoto akakae huko hata deni lilipwe. Wengine walikombolewa, wengine hawakurudi tena. Hatuandiki haya ili kumlaumu mjomba wa mtu yeyote. Pengine mtoto aliyewekwa rehani alikula, na yule aliyebaki nyumbani akafa. Utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa katika sheria ya pwani hii mwaka 1907.

Hata hivyo si kweli kwamba mtoto wa zamani alikuwa mzigo tu wakati wa njaa. Mtama na mawele huliwa na ndege kabla hayajavunwa, na mahindi huvunjwa na nyani na nguruwe. Aliyekaa juu ya dungu, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, akipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo, alikuwa mtoto. Wasichana nao walijua mahali pa kuchuma mchunga, mnavu na mwangani, mboga ambazo hazikupandwa na mtu. Kazi ya kuamia haikuandikwa katika kitabu chochote cha serikali, lakini kila mkulima ajua kwamba shamba lisiloamiwa halina mavuno.

Kisha shule ikaja, nasi twashukuru, maana bila shule hatungeandika taarifa hii. Tangu Januari 2003 watoto wa shule za msingi hawatozwi karo, basi dungu nyingi zimebaki tupu. Je, shule ilimpa mtoto jembe badala ya lile kombeo? Ilijaribu. Chuo cha Jeanes kilifunguliwa Kabete mwaka 1925 ili kufundisha walimu waliokwenda vijijini na elimu ya afya na kilimo, na bustani ya shule ikawa kitu cha kawaida. Wazazi wengi hawakuipenda. Walisema wamempeleka mtoto akasome, na kulima alikuwa akijua tokea nyumbani. Walikuwa na haki kwa sehemu. Hata baadhi yetu tulipewa jembe shuleni kama adhabu, na mtu aliyeadhibiwa kwa jembe halipendi upesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vikaja vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mfano wake ulitoka Marekani, ambako vyama vya vijana wa mashamba vilianza Ohio mwaka 1902. Tofauti yake na bustani ya zamani ilikuwa hii: mtoto aliingia kwa hiari, akawa na kipande chake, akaandika hesabu ya mbegu na mavuno yake. Baadaye vyama hivyo vilififia, vikafufuliwa na Rais Uhuru Kenyatta mwezi wa Juni 2021. Mashule mengi yamepokea jina. Ardhi na maji ni jambo jingine.

Wengine watauliza, njaa ipi, na hapa Bongwe muhogo upo, na Ukunda maduka yamejaa? Hapa yatupasa kueleza. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele ingawa matumbo yao hayakuwa matupu. Wenyeji wa huko waliuita ugonjwa huo kwashiokoo, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Uji wa muhogo na sima hushibisha, lakini havijengi mwili vikiwa peke yake. Mtoto huyo ahitaji kunde, pojo, mbaazi, samaki, yai. Katika uchunguzi wa afya wa Kenya wa 2014, watoto 26 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika ule wa 2022 walikuwa 18. Ni nafuu kubwa, lakini hao 18 wamo katika nyumba, na nyumba nyingine ni zetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya lishe.

Vijana wetu hawaombi fedha. Waomba kipande cha shamba karibu na shule wapande kunde na mbaazi kwa ajili ya uji wa watoto wa chekechea, na wazee wawili wa kuwafundisha mboga zile za mwituni, kwa maana wenyewe hawazijui tena. Twafahamu kwamba upande wa Diani ardhi imekuwa dhahabu, na mwenye ekari moja huwaza mara mbili. Lakini masika huanza Machi au Aprili, na shamba la kupandwa halina budi kufyekwa kabla ya hapo.