Msimamizi si Mrithi: Mirathi kutoka Madina hadi Msamvu

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki: wengine papo hapo, wengine siku kadhaa baadaye hospitalini. Kila marehemu aliyekuwa na mali, hata ikiwa ni pikipiki na kiwanja kisichojengwa, aliacha mirathi.

Wanazuoni wa faraidhi wanaijua misiba ya namna hii tangu zamani. Baada ya vita vya Yamama, na kisha tauni ya Amwas mwaka 18 Hijria, jamaa wengi walikufa bila kujulikana nani alitangulia. Imepokewa kuwa Zayd bin Thabit (r.a.) aliwarithisha walio hai, wala hakuwarithisha waliokufa wao kwa wao. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafii. Imam Ahmad bin Hanbal ana kauli nyingine. Lakini ikithibitika kuwa mwana alikufa baada ya baba yake, japo kwa saa moja, anamrithi, na fungu lake linakwenda kwa warithi wake mwenyewe. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa katika cheti cha kifo si jambo dogo.

Haki nne za mali ya marehemu

Aya za mirathi katika Suratun-Nisaa zinahusishwa na mjane wa Saad bin Rabii (r.a.), aliyeuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria. Ndugu wa marehemu alikuwa amechukua mali yote. Mtume (s.a.w.) akaamuru mabinti wawili wapewe theluthi mbili, mjane thumni, na kilichobaki kiwe cha ndugu yule. Aliyekuwa ameshika mafungu yote 24 akabaki na 5.

Mafuqahaa wakapanga utaratibu: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na mwisho warithi. Ndugu msomaji, tazama kisichokuwemo. Chakula cha hitima na cha arobaini si gharama ya maziko. Sanda, kuosha na kaburi ndizo gharama za maziko. Anayetaka kulisha watu alishe kwa mali yake, au kwa fungu la mrithi mtu mzima aliyeridhia. Fungu la yatima haliguswi, kwa kuwa mtoto hana uwezo wa kuridhia.

Kutoka kwa kadhi hadi Mahakama ya Mwanzo

Enzi za wakoloni, maliwali na makadhi walisikiliza mirathi ya Waislamu wa mwambao. Mfumo wa mahakama za Tanganyika ulipounganishwa kwa sheria ya mwaka 1963, nafasi ya kadhi mahakamani ikaondoka, ingawa Zanzibar na Kenya ziliendelea nayo. Tangu hapo mirathi nyingi za Waislamu Tanzania Bara huanzia Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu. Mahakama hiyo ina uwezo pale sheria inayohusika ni ya Kiislamu au ya kimila.

Katika Uluguru hilo neno "au" ndilo lenye mgogoro. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ni ya ukoo, na mjomba ana sauti. Mluguru Mwislamu anapofariki, watoto wanaweza kudai faraidhi, na wapwa wakadai mila. Tangu shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Asiyeacha maandishi amewaachia watoto wake kazi ya kutafuta mashahidi.

Kwa desturi kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi, ingawa mahakama zimekwisha sema kuwa muhtasari wa kikao si sharti la kisheria. Maombi hutangazwa ili mwenye pingamizi alete. Msimamizi akiteuliwa hupewa Fomu Na. IV. Ndani ya miezi minne anatakiwa kuorodhesha mali katika Fomu Na. V, kisha aeleze mapato, matumizi na mgawanyo katika Fomu Na. VI. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na gharama za usimamizi, kisha kugawa. Fomu Na. IV haimpi umiliki. Akifanya khiyana, mahakama inaweza kumwondoa.

Gharama kubwa kuliko ada

Kinachokula mirathi zaidi kuliko ada ya mahakama ni kuchelewa. Chukua mfano: mtu kafa, kaacha mke, mwana na binti. Nyumba ina mafungu 24: mke 3, mwana 14, binti 7. Haikugawiwa. Miaka ikapita, mwana naye akafa, akaacha mama yake huyo huyo, mke na wana wawili wa kiume. Sasa hesabu haitimii mpaka mafungu 576: mama 128, binti 168, mke wa mwana 42, na kila mjukuu 119. Wanazuoni huiita munasakha. Nyumba ni ile ile, lakini wenye haki wameongezeka kutoka watatu hadi watano, na kila mmoja ana nauli yake, shahidi wake na kinyongo chake.

Basi mwenye kukabidhiwa mirathi aandike mapema, alipe madeni, agawe, afunge jalada. Na aliye hai aandike leo madeni yake na sheria anayotaka mirathi yake ifuate.

Wallahu aalam.