Elimu kwa jamii (watu wazima na familia)

Elimu kwa jamii ni mafundisho yanayowafuata watu wazima na familia majumbani, vijijini na vikundini. Mfano mkubwa wa Tanzania ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili kitabu, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Watathmini hawakuishia kwenye maswali, bali walikagua nyumba kabla na baada ya kampeni. Huo ndio ubora wa tathmini hiyo, kwani mtu huweza kujibu vizuri na bado akakosa choo.

Nduruma, kata ya Wilaya ya Arumeru chini ya Mlima Meru, inadai kipimo kigumu zaidi cha elimu kama hiyo. Maji mengi ya ukanda wa Meru yana floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuiondoi, na magadi ya kupikia maharage huweza kuiongeza. Somo la floraidi liwafikie mama, baba na bibi pamoja, maana anayechota maji, anayepika na anayetoa fedha huenda ni watu watatu. Meno ya mtoto huathirika na floraidi yakiwa bado ndani ya ufizi, hivyo matokeo huchukua miaka kuonekana. Kwa sasa mtathmini achunguze maji anayokunywa mtoto, asitosheke na daftari la mahudhurio. Familia isiyo na chanzo kingine cha maji isihesabiwe kuwa imeshindwa somo.