Jina Limefichwa, Njia Imeachwa Wazi

Bitikoini ilipoanza kufanya kazi Januari 2009, programu yake ilikuwa ikijitangaza waziwazi. Kompyuta mpya ikitaka kuzipata nyingine, iliingia kwenye chumba cha gumzo cha IRC kwa jina lililobeba anwani yake ya intaneti, na yeyote aliyekuwemo humo aliweza kuisoma. Iliwezekana hata kumlipa mtu kwa kuandika anwani ya intaneti ya kompyuta yake tu.

Na hii ndiyo sarafu iliyokuja kusifiwa kwa usiri. Katika waraka wake wa Oktoba 2008, Satoshi Nakamoto, mbunifu wa sarafu hiyo, alieleza kwamba malipo yote yataonekana na kila mtu, ila wahusika watajulikana kwa funguo, si kwa majina. Sehemu hiyo ya faragha haikugusia kabisa safari ya muamala kutoka kwenye kompyuta ya mlipaji hadi kwenye daftari la pamoja. Huko njiani ndiko siri za watu zilikovuja, na naamini jambo hili halijawahi kupewa uzito linaostahili.

Si kwamba elimu ya kuficha njia hiyo haikuwepo. Mwaka 1981 Mmarekani David Chaum alionyesha jinsi barua pepe zinavyoweza kupitishwa kwenye kompyuta zinazozichanganya na za watu wengine, hadi isijulikane nani kamwandikia nani. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani walibuni njia yao ya kuficha mawasiliano, na kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mtandao wa Tor, ulioanza kutumika hadharani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Desemba 2009 toleo la 0.2 la Bitikoini liliwawezesha watumiaji kupitia Tor. Ilikuwa hiari, asiyeijua aliendelea kupita njia ya wazi.

Mwaka 2011 Dan Kaminsky, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, alieleza udhaifu ulio rahisi kuuelewa. Jiunge na kompyuta zote za Bitikoini kwa wakati mmoja, kisha sikiliza. Ya kwanza kukuletea habari za muamala, yaelekea ndiko ulikoanzia.

Lililotikisa zaidi lilitoka Luxembourg mwaka 2014. Alex Biryukov, Dmitry Khovratovich na Ivan Pustogarov wa chuo kikuu cha huko waliweza kuwatambua hata watumiaji waliokuwa nyuma ya ruta na kuta za usalama za kampuni zao za intaneti. Walianzia kwenye namba 8. Programu ya mtumiaji wa kawaida ilijiunganisha na kompyuta nyingine 8, na mkusanyiko huo ulitosha kumtofautisha na wenzake. Kwa mashine chache tu za kusikiliza, waliangalia ni kompyuta zipi zilizotangulia kutangaza muamala, wakazilinganisha na zile 8. Walikadiria kufaulu kwa kati ya 11% na 60%, kutegemea mpelelezi anajificha kiasi gani.

Na Tor je? Nayo walipata namna ya kuizima. Bitikoini ilikuwa na kinga ya kumfungia kwa saa 24 anayetuma ujumbe mbovu. Mpelelezi akituma ujumbe wa aina hiyo kupitia milango ya kutokea ya Tor, Bitikoini inaifungia milango yenyewe, na mtumiaji asiye na hatia analazimika kupita bila kificho.

Tiba zilikuja kwa mwendo wa pole. Mwaka 2017 watafiti walipendekeza mbinu ya Dandelion: muamala upitishwe kimyakimya kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ndipo utangazwe kwa wote ukiwa mbali na ulikotoka. Sarafu nyingine, Monero, ilichukua toleo lililoboreshwa la mbinu hiyo mwaka 2020. Bitikoini haikulichukua, wasanidi wake wakihofia mashambulizi ya kuzielemea kompyuta. Mazungumzo kati ya kompyuta hizo yalianza kusimbwa Desemba 2023 tu, katika toleo la 26.0 la Bitcoin Core, programu kuu ya Bitikoini. Kwa karibu miaka 15 kampuni ya intaneti iliweza kuyasoma yote ya mteja asiyepitia Tor au kinga nyingine. Huo ni uzembe wa muda mrefu mno kwa mfumo unaobeba fedha za watu.

Wakati huohuo watu walihamia kwenye simu, na pochi nyingi za simu, yaani programu za kutunzia sarafu hizi, hupitia seva za kampuni. Novemba 2022 ConsenSys, wenye pochi ya MetaMask, walieleza katika sera yao kwamba anayetumia seva zao za Infura anapotuma muamala, wao hupata anwani yake ya intaneti pamoja na ya pochi. Watumiaji walikuja juu. Mimi naishukuru kampuni kwa kusema, maana anayenyamaza hatumjui.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Laini ya simu Kenya na Tanzania husajiliwa kwa kitambulisho, na Tanzania kwa alama za vidole pia. Ikishapatikana anwani ya intaneti, anayeweza kupata kumbukumbu za kampuni ya simu hayuko mbali na mwenye laini, wala na salio lake, maana malipo yote yanaonekana na kila mtu. Kutaka salio lako lisijulikane si uhalifu. Hakuna mwenye duka anayebandika hesabu ya akiba yake mlangoni.

Kwa hiyo, msomaji mwenye pochi ya sarafu hizi, fungua mipangilio yake leo uangalie inaunganishwa na seva ya nani. Kama inakubali Tor, iwashe. Kama unaweza kuiunganisha na kompyuta yako mwenyewe, fanya hivyo kabla ya muamala unaofuata.