Walipoyapima maneno ya Nebraska

Leo tuiache siasa kidogo. Kuna swali limekuwa likinisumbua kikazi: nani alianza kutuambia kwamba maandishi ya kwenye tovuti yawe mafupi na ya wazi, na alijuaje?

Mwaka 1997, John Morkes na Jakob Nielsen, waliokuwa kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani, walitengeneza tovuti ya majaribio kuhusu utalii wa Nebraska, jimbo la mahindi na ng'ombe. Habari ilikuwa ile ile, ila waliiandika kwa namna tano. Namna ya kwanza ilijaa sifa, kama matangazo ya biashara tunayoyajua. Kisha wakawaita watu 51, wakawapa maswali ya kutafutia majibu humo, wakapima muda, makosa na kumbukumbu.

Maandishi yaliyopunguzwa maneno kwa nusu yalikuwa rahisi kutumia kwa asilimia 58 zaidi. Yaliyopangwa kwa orodha na maneno ya kukoleza, ili jicho lipate pa kutua, asilimia 47. Hapo bado naelewa. Kilichonishangaza ni haya: walipoondoa majigambo tu, bila kufupisha sana, ufanisi ulipanda kwa asilimia 27. Kumbe sifa zinamchosha msomaji, kwani kila anapokutana na "kivutio maarufu duniani" inabidi asimame achuje ukweli na chumvi. Yote matatu kwa pamoja yalifikisha asilimia 124.

Mwaka huo huo Nielsen aliandika kwamba asilimia 79 ya watu waliowachunguza walikuwa wakipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya; waliosoma neno kwa neno ni asilimia 16. Sisi wa magazeti hatukustahili kushangaa. Jambo kubwa juu, madogo chini, ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza chumba cha habari.

Ila vita hivi vilianza kabla ya intaneti. Chrissie Maher, mama wa Liverpool aliyejifunza kusoma akiwa tayari kijana mkubwa, alisimama karibu na Bunge la Uingereza mwaka 1979 na kuzichana fomu za serikali hadharani. Hakuwa akitetea uzuri wa lugha. Watu maskini walikuwa wakikosa haki zao kwa sababu hawakuielewa fomu.

Hapo ndipo jambo hili linaponiuma. Niliwahi kumsaidia shangazi yangu kutafuta ada ya cheti kwenye tovuti ya ofisi moja ya umma. Tulikuta picha ya mkurugenzi, dira, dhamira, na salamu ndefu kama za harusi. Ada hatukuiona. Shangazi akapanda basi kwenda kuuliza, nauli kwenda na kurudi.

Waingereza walichukua miaka 33 tangu zile fomu zichanwe hadi Oktoba 2012, walipozindua GOV.UK, tovuti moja iliyokuja kukusanya habari za wizara zote. Waandishi wake walianza kwa kuuliza mwananchi amekuja kutafuta nini. Ukitaka kujua sikukuu ya taifa ijayo, tarehe iko juu kabisa, kwa herufi kubwa. Picha ya waziri haipo.